Jinsi ya kutangaza spidirani, tangu salamu ya kwanza hadi saa inaposimama

Aliyecheza gemu moja kwa miezi mingi akitafuta kuimaliza haraka, na hiyo ndiyo spidirani, husahau kwamba mtazamaji haoni anachokiona yeye. Mkimbiaji akipenya ukutani kwa mbinu inayokubali fremu mbili tu, yaani muda wa picha mbili za skrini, kwake hiyo ni shughuli ya kutoa jasho. Kwa mgeni, mhusika alikuwa upande huu wa ukuta na sasa yuko upande ule, basi. Kazi ya utangulizi na utangazaji ni kumfanya huyo mgeni ajue la kuogopa kabla halijatokea. Ukimweleza baadaye umeshachelewa, kwa sababu mbio hazina marudio.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuonyesha mbio zake mwenyewe au kumtangazia mwenzake, iwe mubashara kwenye chaneli yake, kwenye maonyesho ya hisani, au kwenye video atakayoipakia baadaye. Nimezifuata hatua kama kazi yenyewe inavyokwenda. Hatua ya 3 na ya 5 ndizo zenye uzito. Nyingine utazimaliza haraka.

Hatua ya 1: Itazame rekodi yako ukiwa na karatasi

Chukua video ya mbio zako zilizoenda vizuri kiasi, si lazima ziwe rekodi yako binafsi (muda wako bora kabisa), kisha uitazame yote bila kuruka. Kwenye karatasi chora safu tatu: muda, kinachotokea, cha kusema. Mbinu ngumu zitie nyota. Sehemu tulivu zipigie mstari.

Sehemu tulivu ni zile ambazo mikono inafanya kazi lakini hakuna cha kushangaza: lifti, korido ndefu, mazungumzo yasiyorukika, bosi, yaani adui mkubwa, anayepigwa kwa mtindo uleule mara nane. Wengi huzichukia kwa sababu zinachosha kuzicheza. Mtangazaji anapaswa kuzipenda, maana ndimo maelezo yote marefu yatakamoingia. Hapo ndipo karatasi inapoanza kukusaidia: unayatoa maelezo ya mbinu pale mbinu ilipo na kuyasogeza nyuma hadi kwenye utulivu wa karibu. Mistari miwili ya karatasi ya namna hiyo husomeka hivi:

11:50, lifti, sekunde 40: eleza mlango unaokuja na kwamba akikosa anarudi mwanzo wa jengo.

12:40, mlango: nyamaza.

Ukikuta gemu yako haina lifti, jua kwamba mzigo wote unahamia kwenye utangulizi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni mfano mzuri. Kwenye kategoria ya Any%, yaani kundi la mbio ambalo sharti lake ni kumaliza gemu tu, mbio nzima haifiki dakika 5, na tangu 2021 walio juu kabisa wamekuwa chini ya 4:55. Hakuna pa kupumua humo. Ama useme kabla ya kuanza, ama usiseme kabisa.

Hatua ya 2: Kategoria kwa sentensi moja

Mgeni hajui kwa nini watu wanaocheza gemu moja hawashindani wote pamoja. Usimfundishe mfumo mzima wa kategoria. Mpe sentensi moja inayomfanya ajiulize swali. Chukua Super Mario 64, ambayo ina nyota 120 na hukimbiwa kwa nyota 120, 70, 16, 1 na hata 0. Ukisema “hii ni kategoria ya nyota 16, inayotumia glichi (kasoro za programu ya gemu)”, umesema kweli lakini hujamwamsha mtu. Ukisema “ngazi za mwisho zinadai nyota 70, nasi tutazipanda tukiwa na 16”, tayari kuna kitendawili, na mtazamaji atakaa hadi akione kikiteguliwa.

Hapohapo tafuta muda wa makadirio. Rekodi yako binafsi si makadirio, kwa kuwa ni mbio moja bora iliyotokana na nyingi ulizoanza na kuzitupa. Kwenye maonyesho huwezi kutupa kitu. Chukua wastani wa mbio ulizozimaliza, ongeza nafasi ya kufa mara moja au mbili mahali pabaya, na hiyo ndiyo namba ya kutangaza. Waandaaji watakushukuru, na hakuna anayekasirika mbio zikimalizika mapema.

Hatua ya 3: Utangulizi

Nusu dakika hadi dakika moja. Ndani yake mtazamaji anahitaji kusikia jina la gemu na mwaka wake, ile sentensi ya kategoria, saa itasimama wapi, makadirio, na jambo moja la kulisubiri. Moja tu. Ukimpa matano hatakumbuka hata moja.

Huu ni utangulizi ninaousikia kila mara kwenye chaneli za watu:

“Mambo vipi jamani, leo nitajaribu kukimbia gemu moja hivi, sijui itakuwaje maana wiki hii sijafanya mazoezi na pedi yangu nayo inasumbua kidogo, ila tutaona. Ni Super Mario 64, nadhani wote mnaijua. Basi, tuanze.”

Mtu ameomba radhi mara mbili kabla hajakosa lolote, na amemfukuza kila asiyeijua gemu. Radhi za mapema zina madhara kuliko zinavyoonekana: baada ya hapo mtazamaji anatazama akitafuta kasoro. Sasa linganisha na huu:

“Hii ni Super Mario 64 ya mwaka 1996, kategoria ya nyota 16. Gemu ina nyota 120, na ngazi za mwisho hazipandiki mpaka uwe na 70. Sisi tutazipanda na 16, kwa kuruka kinyumenyume. Saa itasimama Mario atakapoigusa nyota kubwa ya mwisho. Makadirio ni dakika 20. Mkiona nimenyamaza ghafla kwenye ngazi, ndipo penyewe hapo. Tatu, mbili, moja, twende.”

Yasome kwa sauti: hayazidi sekunde 40 kwa mwendo wa kawaida. Sentensi inayosema saa itasimama wapi inadharauliwa sana, lakini ndiyo inayomwezesha mgeni kushangilia kwa wakati. Katika gemu nyingi muda haukomi skrini ya mwisho inapotokea. Unakoma pale mchezaji anapopoteza uwezo wa kumwongoza mhusika, au anapogusa kitu fulani. Kwenye Super Mario Bros. kitu hicho ni shoka lililo mwisho wa hatua ya 8-4, ambayo ndiyo ya mwisho. Asiyeambiwa atakuwa bado anamsubiri binti mfalme wakati ninyi mnapongezana.

Kuna mambo mawili ambayo, kama yapo, lazima yasemwe kwenye utangulizi. La kwanza ni toleo. Kama skrini imejaa maandishi ya Kijapani, eleza kwa nini: mara nyingi ni kwa sababu maandishi hayo huwa na herufi chache na hupita haraka. Toleo pia linaweza kufuta mbinu nzima. Toleo la Super Mario 64 lililotoka Japani mwaka 1997, linalojulikana kama Shindou, liliziba ile ruka ya kinyumenyume, hivyo mtu aliye nalo nyumbani atajaribu, atakwama, kisha atadhani umemdanganya.

La pili ni kama unachoonyesha kimechezwa na binadamu. Mbio za TAS hutengenezwa kwa kuingiza amri fremu kwa fremu kupitia programu, na zina utamu wake. Mwaka 2014, kwenye maonyesho ya hisani ya Awesome Games Done Quick, mtambo uitwao TASBot uliichezea Super Mario World kwenye mashine halisi mpaka ndani yake zikatokea Pong na Snake. Watazamaji walifurahi kwa sababu waliambiwa tangu mwanzo kuwa ni mtambo. Usipolisema, utakapoulizwa katikati tayari umevunja imani.

Historia ya rekodi za dunia iache, au ipe sentensi moja. Orodha ya nani alimpita nani mwaka gani ina mahali pake, napo ni kwenye sehemu tulivu kama ile lifti.

Hatua ya 4: Sauti na skrini

Hapa sikai sana, mambo ni machache. Sauti ya gemu ishuke hadi maneno yako yasikike bila kukaza sikio, kisha ishushe tena kidogo, kwa kuwa wewe mwenyewe unajua utakachosema na masikio yako yanakudanganya. Maikrofoni ikae mbali na pedi au kibodi. Milio ya vibonye huchosha kuliko mtu anavyofikiri. Kwenye OBS, programu ya kurekodi na kurusha mubashara, weka sauti yako na ya gemu kwenye njia mbili tofauti za kurekodi, faida yake utaiona mwishoni. Saa ya kupima mbio, iwe ya programu ya LiveSplit au nyingine, isifunike taarifa ya gemu yenyewe, hasa uhai wa mhusika na idadi ya silaha. Rekodi dakika mbili za majaribio ukiwa unapiga kelele kama utakavyopiga siku yenyewe, siyo kwa sauti ya kujaribu maikrofoni.

Hatua ya 5: Kutangaza mbio zenyewe

Kila mbinu kubwa ina nyakati tatu: kabla, wakati, baada. Kabla unaeleza, wakati unanyamaza au unasema neno moja, baada unathibitisha kilichotokea. Wengi hufanya kinyume. Hunyamaza kabla kwa sababu ya woga, hupiga kelele wakati wa mbinu, halafu huanza kueleza huku mbinu inayofuata imeshafika. Mwisho wake sauti inakuwa hatua moja nyuma ya picha mpaka gemu inakwisha.

Tuchukue zile ngazi za Mario. Kabla, wakati anapanda kuzielekea:

“Ngazi hizi hazina mwisho kwa mtu asiye na nyota 70. Kila akipanda, gemu inamrudisha chini kimyakimya. Lakini waliotengeneza waliweka kikomo cha kasi ya kuruka kwenda mbele, wakasahau kuweka cha kurudi nyuma. Kila akiruka kinyumenyume, kasi inajizidisha.”

Wakati: “Anageuka.” Kimya.

Baada: “Amepita! Kasi imekuwa kubwa mno, amelivuka eneo la kurudishwa bila kulikanyaga.”

Angalia kwamba jina la mbinu halijatajwa popote. Litaje kama unataka, lakini baada ya kueleza kazi yake, na kwa mbio nzima majina ya namna hiyo yasizidi matatu. Wenzako wa jamii ya wakimbiaji wanayajua tayari, wageni hawayahitaji.

Jambo gumu zaidi ni kueleza kitu kisichoonekana kabisa kwenye skrini. Super Mario Bros. ina kanuni ya fremu 21: gemu haikupeleki hatua inayofuata papo hapo unapomaliza, bali hukagua kila baada ya fremu 21. Kwa fremu 60 za sekunde moja, hiyo ni takriban sekunde 0.35. Ukiieleza kwa namba hivyo, nusu ya watazamaji wanakuacha. Wakimbiaji wa gemu hii wana mfano wao wa basi, na sijasikia ulio bora zaidi: basi linaondoka kila baada ya fremu 21. Ukifika mapema unakaa unalisubiri, ukilikosa kwa fremu moja unangoja lijalo. Baada ya hapo mtangazaji ana lugha ya kutumia mbio nzima. “Amewahi basi.” “Amelikosa.” Na hatua ya 8-4 ikifika anaweza kusema, “Humu hakuna basi, kila fremu inahesabiwa,” kwa kuwa baada ya hatua hiyo hakuna nyingine ya kupelekwa. Watu wote wanakaa sawa kwenye viti. Mfano mmoja mzuri uliotumika mara kumi unashinda mifano kumi.

Bahati nayo inahitaji kutangazwa kwa namba, tena kabla. Kwenye Minecraft portali ya mwisho, mlango wa kuelekea kwa bosi wa mwisho, ina viunzi 12 vinavyotakiwa kuwekwa jicho kila kimoja ili ifunguke, na kila kiunzi kina nafasi moja kati ya kumi ya kukutwa na jicho tayari. Wakimbiaji wengi huenda na macho pungufu ya 12 wakitegemea hilo. Mtangazaji mvivu husubiri chumba kifunguke kisha hupiga yowe. Anayejua kazi husema mkimbiaji akiwa bado njiani: “Amebeba macho 10. Anahitaji portali iwe na angalau mawili, na uwezekano wake ni kama theluthi moja.” Mlango unapofunguka kila mtu anahesabu mwenyewe. Huhitaji kusema kitu.

Kama wewe ndiye unayecheza na kutangaza, ongezea tahadhari: mdomo na mikono hugombania kichwa kimoja. Fanya mbio nzima za mazoezi ukiongea kwa sauti hata kama chumba ni kitupu, uone ni mbinu zipi zinaharibika ukiwa unaongea. Hizo ndizo za kunyamazia. Zikiwa nyingi, mwachie mtu mwingine utangazaji wewe ucheze, au rekodi sauti baadaye juu ya video. Sauti ya baadaye ina raha moja kubwa, unajua kitakachotokea. Ubaya wake ni huohuo, msisimko hupungua. Kama unafuata njia hiyo, usijifanye hujui matokeo, utasikika tu.

Hatua ya 6: Wenzako wa pembeni

Maonyesho ya Games Done Quick, yaliyoanza Januari 2010, yalizoesha watu kuona kochi nyuma ya mkimbiaji likiwa na watu wawili watatu wanaoijua gemu. Watu watatu wanaojua wote kitu kilekile hukatizana. Gawaneni mapema: mmoja anaeleza njia na mbinu, mwingine anashika historia na idadi ya majaribio, wa tatu, kama yupo, anauliza maswali ambayo mgeni angeuliza. Huyo wa mwisho anaonekana si lolote, ila mimi ningemtafuta kabla ya wengine.

Kwenye matangazo ya hisani yupo pia anayesoma michango. Yeye haijui gemu yako, kwa hiyo mpe nakala ya karatasi yenye sehemu tulivu, na kukiwa na nafasi mkimbiaji amwambie wazi: “Sasa kuna nafasi ya mchango mmoja.” Akikatizwa katikati ya ujumbe wa mtu aliyechangia kwa ajili ya marehemu mama yake, anayeonekana mbaya ni ninyi.

Kama kuna uamuzi ulioachiwa wachangiaji, uelezeni mapema na gharama yake. Kwenye Super Metroid ya 1994 mchezaji anapokimbia sayari kabla haijalipuka, anaweza kupinda pembeni kuwaokoa wanyama. Kuwaokoa kunapoteza sekunde, ndiyo maana wachangiaji hushindana kwa fedha kuchagua kama waokolewe ama waachwe. Asiyeambiwa kwamba sekunde zinapotea haelewi mabishano yote hayo yanahusu nini.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Yataharibika. Sema vitu vitatu, kwa mpangilio huu: kilichotokea, muda uliopotea, na anachofanya sasa. “Ameukosa mlango. Ni kama sekunde 15. Anatumia njia ya akiba kupitia juu.” Kisha songa mbele. Mkimbiaji anayelalamikia kosa la dakika ya 3 hadi dakika ya 9 anawanyima watazamaji dakika sita za gemu.

Njia ya akiba iandaliwe na ifanyiwe mazoezi kama ile ya kwanza. Kwenye maonyesho, mbinu ikikataa mara mbili, nenda na hiyo njia ya akiba. Ukiwa peke yako unawinda rekodi una haki ya kuanza upya, lakini waambie watazamaji sheria yako kabla, kwa mfano kwamba ukiwa nyuma kwa sekunde 10 kabla ya bosi wa pili unarudi mwanzo. Wakiijua, hata kuanza upya kunakuwa sehemu ya mchezo: wanaitazama saa pamoja nawe.

Mwenzako wa kochi asiseme kamwe “hii huwa haikosi” mbinu ikiwa bado haijapita. Sina ushahidi wa kitaalamu, ila jamii nzima ya wakimbiaji itakuunga mkono.

Hatua ya 8: Saa inaposimama

Tangaza “muda!” kwa neno moja pale pale saa inaposimama, kisha soma namba kutoka kwenye saa bila kukisia. Ilinganishe na makadirio au rekodi binafsi, sio na rekodi ya dunia, isipokuwa uko karibu nayo kweli. Wataje waliogundua njia unayotumia. Mbinu nyingi hutafutwa na watu ambao hawakimbii kabisa, na hapa ndipo wanaposikika. Sekunde 20 zinatosha, mwachie anayefuata.

Ikiwa mbio hizo utazipeleka speedrun.com, tovuti ya orodha za rekodi, kuhakikiwa, usiizime rekodi kwa furaha. Acha iendelee sekunde chache ili fremu ya mwisho na skrini ya matokeo zionekane, kwa kuwa wahakiki hupima muda kwenye video yenyewe. Gemu nyingi pia hutaka sauti ya gemu isikike, na hapo ndipo zile njia mbili za sauti kwenye OBS zinapokuokoa: unaweza kutoa nakala yenye utangazaji kwa ajili ya chaneli, na nyingine yenye gemu peke yake kwa ajili ya wahakiki.